SOMO: NUNUA MIFUPA, USINUNUE MAFUTA
Namna ya kuchagua ndama dume wa kufuga kwa nyama



Wazee wetu walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Walitaka kusema kwamba mtu wa chini hata bahati yake huja na kasoro, kwa kuwa dume hatoi maziwa wala haongezi zizi. Lakini katika somo hili dume ndiye tunayemtafuta. Dume mdogo aliyekwisha achishwa maziwa, akichaguliwa vizuri na kulishwa vizuri kwa mwaka mmoja au miwili, ni akiba inayotembea. Akichaguliwa vibaya, ni mdomo unaokula kila siku na mwisho wake ni shimo.

Tumeandika somo hili kwa sababu maswali juu ya ng'ombe yamekuwa mengi katika mikutano yetu ya matawi, katika mashamba ya miwa, mashamba ya chai na hata viwandani. Sababu yake inajulikana. Mwaka 2022 sheria ya NSSF hapa Uganda ilibadilishwa. Mwanachama aliyetimiza miaka 45 na aliyechangia kwa miaka 10 au zaidi anaweza sasa kuchukua mapema sehemu ya akiba yake, isiyozidi asilimia 20. Wengine wanapokea kiinua mgongo baada ya kuachishwa kazi, na wengine wanaweka kidogo kidogo katika vyama vyao vya kuchangiana. Wengi wakishika fedha hiyo, wazo la kwanza ni ng'ombe.

Si wazo baya. Lakini tukumbuke fedha hiyo imetoka wapi. Ile ya NSSF ni asilimia 5 iliyokatwa katika mshahara wetu na asilimia 10 aliyotoa mwajiri, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka yote ya kukata miwa, kuchuma chai na kusimama mbele ya mashine. Ikipotea mnadani asubuhi moja hakuna chama wala mahakama itakayoirudisha.

KOSA LETU WENYEWE

Tuanze na habari yetu, ili mtu asidhani tunafundisha kwa kuwa hatujapata kukosea.

Mwaka 2018, watu watano wa tawi moja la shamba la miwa upande wa mashariki tulichanga fedha za likizo tukaenda mnadani kununua ndama watatu. Tulifika jua limekwisha panda, na tulikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi. Dalali alitupokea kama ndugu zake waliopotea siku nyingi.

Ndama wa kwanza alikuwa mviringo kama pipa, manyoya yanang'aa. Tulimlipia bei kubwa bila kubishana sana. Wa pili alikuwa mdogo, kichwa kikubwa na tumbo limeshuka, lakini bei yake ilikuwa nafuu, nasi tukasema, "Atakua tu." Wa tatu alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, miguu mirefu kama ya korongo. Huyo hatukumtaka. Mwenyewe, mzee mmoja mwenye shida zake, alitusihi tumchukue kwa bei yoyote kwa sababu hakuwa na majani nyumbani. Tulimchukua kwa huruma, wala si kwa ujuzi.

Yule wa tumbo kubwa alikufa siku ya kumi na saba, tezi zimevimba chini ya masikio, anahema kwa shida. Yule wa mviringo, siku ya pili tumbo lilikuwa limeshuka kama mfuko uliomwagwa. Alikuwa amenyimwa maji, akalambishwa chumvi, kisha akanyweshwa asubuhi ya mnada. Tukamlisha miezi sita asiongezeke. Tulipomwita bwana mifugo, alimfungua mdomo akatuonyesha meno manne mapana. "Huyu si ndama," alisema. "Huyu ana karibu miaka mitatu, na amedumaa. Mlinunua mzee mfupi."

Yule mkondefu wa huruma ndiye aliyetusitiri. Alikula, akajaa, na baada ya miezi kumi na minne tulimwuza kwa bei iliyorudisha sehemu ya hasara. Si yote. Mwenzetu mmoja alikuwa ametia katika mchango ule ada ya shule ya binti yake, na binti alikaa nyumbani muhula mzima. Hatuwezi kumlaumu dalali peke yake. Mdomo wa ng'ombe ulikuwa pale pale, nasi watu watano wazima hatukuufungua.

Tangu siku hiyo tuna neno letu: nunua mifupa, usinunue mafuta. Mafuta huja na kwenda. Mwenye kuuza anaweza kuyaweka, na wewe unaweza kuyaweka kwa majani yako mwenyewe. Lakini mifupa iliyodumaa huwezi kuirefusha kwa chakula chochote. Somo lote lililobaki ni maelezo ya neno hilo moja.

KWANZA: KABLA YA KWENDA MNADANI

Ng'ombe hununuliwa baada ya majani, si kabla yake. Ndama mwenye uzito wa kilo 130 hivi anahitaji karibu kilo 20 za matete mabichi kila siku, na kadiri anavyokua ndivyo anavyodai zaidi. Anahitaji pia maji safi, lita 15 hadi 20 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Ukiwa na nusu ekari ya matete uliyoyatilia samadi na kuyapalilia, anza na ndama mmoja. Ukiwa na ukingo wa barabara tu, usianze.

Sisi wa mashamba ya miwa tuna vilele vya miwa wakati wa kuvuna, na pengine molasi kutoka kiwandani. Hivi ni vyakula vya kutia nguvu, lakini havijengi mwili vikiwa peke yake. Changanya na majani ya viazi vitamu au majani ya jamii ya kunde. Molasi itolewe kidogo kidogo. Ikizidi, ndama huharisha.

Fedha nayo igawe kabla hujatoka nyumbani. Katika kila shilingi kumi, sita ziwe za kununua, tatu ziwe za banda, dawa na chumvi, na moja ibaki mahali isipoguswa kwa ajili ya dharura. Anayemaliza shilingi zote kumi mnadani hana fedha ya daktari siku ya kumi, na siku ya kumi ndipo homa huanza.

Wakati nao una maana yake. Mwishoni mwa kiangazi ng'ombe wengi wamekonda na wenye nyasi chache wanataka kuuza. Katika sehemu zetu zenye mvua mara mbili kwa mwaka, wakati huo huja kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya mvua za Septemba. Ukinunua hapo, majani mapya yatamkuta ndama zizini kwako. Ukinunua mvua zinapokwisha, umenunua njaa yake ya kiangazi kijacho.

PILI: AINA GANI?

Wengi huuliza aina bora ni ipi. Jibu ni kwamba aina bora ni ile inayoweza kuishi mahali unapoishi wewe.

Ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu, wamezoea nchi za magharibi na kusini-magharibi. Zebu wadogo wenye nundu na pembe fupi wamezoea mashariki na kaskazini. Ni wavumilivu, lakini miili yao si mikubwa. Borani ni ng'ombe wa nyama mwenye mwili mkubwa na anavumilia jua, na machotara wa Borani na ng'ombe wetu wa asili ni wazuri kwa mfugaji mdogo mwenye majani.

Kuna pia ndama madume wa ng'ombe wa maziwa, hasa Friziani na machotara wake. Karibu na miji huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu mwenye maziwa hana kazi nao. Hukua kwa haraka wakilishwa vizuri, lakini kupe na magonjwa yake huwaua upesi kuliko ng'ombe wa asili. Ukitaka kununua huyu, uliza maswali mawili. Je, alinyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, siku ile ile aliyozaliwa? Je, aliachishwa maziwa akiwa na umri gani? Ndama aliyekosa dang'a hakupata kinga ya mama yake, na aliyeachishwa mapema mno bila chakula kizuri amekwisha dumaa kabla hujamwona.

TATU: SIMAMA MBALI, USISEME NENO

Fika mapema, asubuhi, kabla ng'ombe hawajachoka na kabla wewe hujachoka. Kwanza simama mbali bila kuuliza bei. Ukishauliza bei, dalali huanza kusema, na masikio yakifanya kazi macho hupumzika.

Tazama ndama anavyotembea. Miguu inyooke na asichechemee. Mzima huinua kichwa, masikio yanachezacheza, mkia unafukuza nzi, na ukimkaribia hutaka kukwepa. Mgonjwa husimama peke yake, kichwa chini, masikio yameanguka, nzi wametua na hajali. Mpole kupita kiasi asikupendeze. Huenda ni homa.

Kisha tazama umbo. Ndama wa nyama mwenye kesho awe na mdomo mpana, maana ndio mlango wa chakula. Kifua kiwe kipana, miguu ya mbele isikaribiane kama ya mbuzi. Mgongo uwe mrefu na ulionyooka, mbavu ziwe zimepanuka nje, nyonga ziwe pana, na mifupa ya miguu iwe mizito na mirefu kwa umri wake.

NNE: ALIYEKONDA NA ALIYEDUMAA

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na tunaomba msomaji asome taratibu.

Kuna wembamba wa aina mbili. Wa kwanza ni wa njaa ya karibuni. Ndama alizaliwa vizuri, akanyonya vizuri, kisha kiangazi kikamkuta. Mbavu zinaonekana, lakini mwili ni mrefu, kichwa kinalingana na mwili, macho ni maangavu, ngozi ukiivuta kwenye mbavu inarudi upesi. Huyu akipata majani na maji hufidia siku alizopoteza. Hukua kwa haraka kuliko hata mwenzake aliyekuwa mnene. Huyu ndiye mali. Mnunue.

Wa pili ni wa udumavu. Alikosa maziwa utotoni, au minyoo na magonjwa vimemla kwa muda mrefu. Kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, tumbo limeshuka kama kibuyu, mgongo umepinda juu, manyoya ni marefu, makavu na yamesimama. Huyu hata umpe pumba na mashudu kila siku hatakuwa ng'ombe mkubwa. Bei yake ndogo ndiyo chambo. Mwache.

Wazee wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnadani methali hii yaweza kutupoteza. Mnadani kilichopakwa mafuta ndicho kinachojiuza, na kizuri mara nyingi kimesimama pembeni, kimekonda, mwenyewe anakionea haya.

TANO: FUNGUA MDOMO

Umri wa ng'ombe husomwa kwenye meno ya mbele ya chini. Juu ng'ombe hana meno ya mbele, ana ufizi mgumu tu, kwa hiyo usishtuke. Chini ana meno manane. Mwombe mwenye ndama amshike kichwa, kisha ufunue mdomo wa chini kwa vidole.

Meno yote manane yakiwa madogo, membamba na meupe, hayo ni meno ya utoto. Ndama hajatimiza miaka miwili au ameikaribia. Meno mawili ya kati yakiwa mapana, ana miaka miwili au zaidi kidogo. Ng'ombe wetu wa asili huchelewa kuliko wale wa kigeni. Mapana manne, ana miaka miwili na nusu hadi mitatu. Mapana sita, mitatu na nusu hivi. Yote manane yakiwa mapana, ana miaka minne au kuipita.

Sasa linganisha meno na mwili. Mwili mkubwa wenye meno ya utoto, huyo bado ana safari ya kukua, na faida ni yako. Mwili mdogo wenye meno mapana mawili au manne, safari imekwisha, na hasara itakuwa yako. Ndama wetu wa mwaka 2018 alikuwa wa namna hiyo.

SITA: MKONO NA MACHO

Usione haya kumshika. Anayekukataza kumgusa ng'ombe anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Ukikuta tezi zimevimba kama yai, mwache. Yaweza kuwa ndigana kali, ambayo wenzetu wa Buganda huiita amakebe. Vuta kope la chini. Ndani pawe pekundu kama waridi. Pakiwa peupe, damu imepungua kwa minyoo, kupe au nagana. Tazama chini ya taya. Uvimbe mlaini mahali hapo mara nyingi ni dalili ya minyoo ya tumbo au ya maini. Pua iwe na unyevu safi, isitoke kamasi nzito. Tazama mdomoni na katikati ya kwato. Vidonda na udenda ni dalili za ugonjwa wa miguu na midomo. Tazama chini ya mkia. Pakiwa na kinyesi kilichoganda, anaharisha. Papasa ngozi yote. Mapele magumu yanaweza kuwa ugonjwa wa mapele ya ngozi. Msikilize akipumua. Anayekohoa asikutoke na shilingi.

Tawi likiwa na fedha ya kununua kipima joto cha mifugo, kinatosha watu wengi. Joto la ng'ombe mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.5. Likipita hapo, nawe hukumkimbiza wala hajasimama juani, ni homa.

SABA: PIMA KWA KAMBA YA FUNDI CHEREHANI

Minada mingi haina mizani. Dalali anakisia kwa faida yake, nasi tuna haki ya kukisia kwa faida yetu. Chukua ile kamba ya kupimia ya fundi cherehani. Zungusha kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, uandike sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa kalio. Zidisha kifua kwa kifua, kisha zidisha kwa urefu, kisha gawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo.

Mfano: kifua ni sentimita 120 na urefu ni 100. Mia na ishirini mara mia na ishirini ni 14,400. Mara 100 ni 1,440,000. Gawanya kwa 10,840, unapata karibu kilo 133. Si mizani kamili, yaweza kukosea kilo kadhaa, lakini inatosha kulinganisha ndama wawili. Gawanya bei ya kila mmoja kwa kilo zake uone kilo moja inauzwa shilingi ngapi. Mara nyingi yule "wa bei nafuu" ndiye ghali.

NANE: ANATOKA WAPI, NA KARATASI ZAKE?

Swali hili limeokoa na limeua ng'ombe wengi. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikio. Ndama aliyezaliwa na kukulia penye kupe hao, akapona, huwa na kinga. Aliyetoka mahali pasipo na kupe hao hana kinga, na ukimleta kwako penye kupe anaweza kufa katika wiki chache, hata kama alikuwa mzima kuliko wote mnadani. Kwa hiyo nunua kwa watu wa karibu, wenye nchi kama yako, ukiweza. Chanjo ya ndigana kali ipo. Ilitokana na utafiti uliofanyika Muguga, Kenya. Uliza kama ndama amechanjwa, na kama hajachanjwa, muulize daktari wa mifugo wa wilaya yako.

Tena jambo hili si la ng'ombe tu. Mwezi wa Desemba 1998 ugonjwa wa malale ulizuka wilayani Soroti, mahali ambapo haukuwa umezoeleka. Wataalamu walipofuatilia chanzo waliona uhusiano na mnada wa ng'ombe: ng'ombe walikuwa wameletwa kutoka sehemu zenye ugonjwa bila kutibiwa kwanza. Vijidudu vya malale hukaa ndani ya ng'ombe bila kuonekana, mbung'o akawanyonya na kumwuma mtu. Waliougua hawakuwa wote wenye ng'ombe. Kwa hiyo anayenunua bila kuuliza hajihatarishi yeye peke yake, anahatarisha kijiji.

Kwa sababu hiyo usiseme karatasi ni usumbufu. Pata barua ya mwenyekiti wa LC1 ya kuthibitisha kwamba ng'ombe ni wa huyo anayeuza, na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Ng'ombe wa usiku asiye na barua ni wa wizi, au ametoroshwa kutoka wilaya iliyofungwa. Mwaka 2024 minada katika wilaya nyingi za Uganda ilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Aliyenunua kwa njia ya panya wakati huo aliweza kununua ugonjwa na kesi kwa fedha moja.

TISA: SIKU THELATHINI ZA KWANZA

Ndama mgeni asichanganywe na wengine wiki tatu hadi nne. Siku ya kwanza apate maji, majani na kivuli. Amechoka na ameogopa. Katika siku chache zinazofuata, mpe dawa ya minyoo na umnyunyizie dawa ya kupe. Dawa ya kupe ipimwe kama maandishi ya chupa yanavyosema. Anayeizimua ili ifike mbali anawafundisha kupe kuizoea, na hapa Uganda kupe sugu wamekwisha kuwa taabu kubwa. Usimhasi wala kumkata pembe katika siku hizi. Ngoja apate nguvu. Chakula kipya kiingie kidogo kidogo. Jiwe la chumvi liwepo.

Kila asubuhi mtazame kabla ya kwenda kazini. Ng'ombe aliyeacha kula leo aitiwe daktari leo, si Jumapili. Ndigana kali hutibika ikiwahiwa, na ikichelewa dawa huwa ni kupoteza fedha juu ya hasara. Na akifa kwa ugonjwa usiojulikana, tusile nyama yake kwa uchungu wa fedha. Kimeta huua watu.

Mwisho, andika. Bei ya kununua, tarehe, sentimita za kifua kila mwezi, dawa, majani uliyonunua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa majani mazuri peke yake, ndama wa asili huongezeka kwa kiasi cha robo kilo kwa siku au zaidi kidogo. Akiongezewa pumba na mashudu aweza kufika nusu kilo. Kamba ikionyesha miezi miwili bila nyongeza, tafuta sababu au muuze.

NENO LA MWISHO

Ndugu, kwenye meza ya mazungumzo na mwajiri hatutii saini mkataba ambao hatujausoma. Mnadani pia tusitoe shilingi kwa ng'ombe ambaye hatujamsoma. Meno ni ukurasa wa kwanza, kope ni wa pili, kamba ni wa tatu, na barua ya LC1 ndiyo saini.

Tena tusidanganyike. Ndama si badala ya mshahara. Mnyapara akisema, "Ninyi mna ng'ombe, nyongeza ya nini?" mjibuni kwamba ng'ombe huyo alinunuliwa kwa akiba ya mshahara, na mwenye mshahara usiotosha hana akiba. Tunafuga ili siku ya kustaafu isitukute mikono mitupu, wala si kumpunguzia mwajiri wajibu wake.

Binti wa yule mwenzetu alirudi shuleni muhula uliofuata, kwa mchango wa tawi. Baba yake ndiye anayekwenda mnadani sasa kila tawi linapotaka kununua. Huenda na kamba ya fundi mfukoni, na hafungui mdomo wake mpaka amekwisha kufungua wa ng'ombe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Ndama wawili wana bei moja. Mmoja ni mnene, mfupi, ana meno mapana mawili. Wa pili amekonda, ni mrefu, meno yote ni ya utoto. Utamchukua yupi, na kwa nini?
2. Kifua ni sentimita 110 na urefu ni 95. Ndama ana kilo ngapi?
3. Katika eneo letu ng'ombe wengi wa mnadani wanatoka wapi? Kupe wa huko ni kama wa kwetu?
4. Tawi letu lina kamba ya kupimia, kipima joto na namba ya simu ya daktari wa mifugo? Kama halina, nani atavitafuta, na lini?